Imani ya Mlutheri na imani ya Mwislamu: neno ni moja, ila tunaongelea kitu kimoja?

Swali hili nilipewa msibani. Ilikuwa kwetu milimani, upande wa Mlalo, Lushoto, usiku wa siku tuliyomzika bibi, tumekaa nje kwenye mkeka, baridi ile ya kwetu mnaijua, chai ya tangawizi inazunguka, ndani akina mama wa usharika wanaimba. Babu alikuwa Mwislamu, bibi Mlutheri, na watoto wao wakagawanyika, wengine huku wengine kule, kitu ambacho kwa Wasambaa sio ajabu kabisa. Mjomba wangu mkubwa alifuata dini ya babu. Mchana wake ndo yeye aliyemchinja ng'ombe wa msiba ili kila mtu ale bila wasiwasi.

Akaniambia, "Mjomba," (naye huniita hivyohivyo), "wewe umesoma hayo mambo, hebu nieleze. Leo mchungaji kasema mama ameokolewa kwa imani, sio kwa matendo. Sawa. Sasa na mimi si nina imani? Nimesali miaka yote, nafunga, sijawahi kumshirikisha Mungu na kitu chochote. Imani yangu ina upungufu gani?"

Sikuwa na jibu. Yaani nilikuwa nayo majibu ya kipaimara, yale ya kukariri, lakini nikiyafikiria pale mbele yake niliona hayamjibu. Na hakuwa anatafuta ubishi, alikuwa amefiwa na mama yake na anataka kuelewa. Ndo nikaanza kusoma upya, na ninachoandika hapa ni kile nilichokipata. Naandika kama Mlutheri, mtoto wa KKKT, kanisa la Kilutheri la Tanzania, kwa hiyo nikiongelea Uislamu naongea kama jirani aliyesikiliza, sio kama sheikh.

Kitu cha kwanza kinachotuchanganya ni lugha yenyewe. Chukua ile sentensi ambayo Walutheri wanasema kanisa linasimama au kuanguka nayo: mtu anahesabiwa haki kwa neema kwa njia ya imani. Kuhesabu ni hisab ya Kiarabu. Haki ni haqq. Neema ni ni'ma. Imani ni iman. Mafundisho ya Martin Luther, mtu wa Wittenberg, Ujerumani, yanapofika kwenye Kiswahili yanavaa maneno ambayo wazee wa pwani walikuwa wanayatumia msikitini karne nyingi kabla mmisionari yeyote hajashuka melini. Dhambi, toba, rehema, sadaka, malaika, injili, yote vivyo hivyo. Kwa hiyo Mwislamu akisikia "kuhesabiwa haki" anawaza nini? Anawaza Siku ya Hesabu, mizani, matendo mema upande huu na mabaya upande ule. Mlutheri anayesema neno hilohilo anamaanisha karibu kinyume chake, kwamba mizani ingekuwa ndo mwamuzi basi hakuna ambaye angepona, na kwamba Mungu amemtangaza mtu kuwa mwenye haki kwa ajili ya mwingine, yaani Kristo. Watu wawili, neno moja, na kila mmoja anaitikia kwa kichwa akidhani wameelewana!

Na hii haikutokea kwa bahati. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani wa Württemberg aliyelelewa kwenye Ulutheri japo alitumwa na shirika la Waanglikana la CMS, alifika Mombasa mwaka 1844. Juni mwaka huohuo akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyekaa naye kumsaidia alikuwa kadhi, Sheikh Ali bin Muhidini, mtu wa asili ya Barawa. Mwezi uliofuata Krapf akamzika mke wake na mtoto wao mchanga palepale Mombasa. Mi huwa nakirudia kisa hiki kichwani. Kabla ya kamati yoyote, kabla ya neno "dialogi" kuanza kutumika kwenye makongamano, tayari mezani walikuwa wawili, mmisionari na kadhi, wanatafuta neno la Kiswahili la kusemea uumbaji, na mmoja wao anaingia kwenye msiba mkubwa katikati ya kazi. Kiswahili cha kanisa kilianza na msaada wa mwanachuoni wa Kiislamu.

Sio wote walipenda hivyo. Karl Roehl, mmisionari Mjerumani wa shirika la Bethel aliyefanya kazi kwetu Usambara na kuandika sarufi ya Kishambaa iliyotoka mwaka 1911, aliona Kiarabu kwenye Biblia ni tatizo, kwamba ukimpa Mwafrika injili kwa maneno ya Kiarabu unamsogeza kwenye Uislamu. Kwa hiyo kwenye tafsiri yake, Agano Jipya 1930 na Biblia nzima 1937, akajitahidi kuyaondoa maneno ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu. Nabii akawa mfumbuaji. Amani ikawa utengemano. Uzima wa milele ukawa uzima wa kale na kale. Na imani, neno kuu kuliko yote, akaliacha akatumia kutegemea: Yohana 3:16 kwake sio "kila mtu amwaminiye", ni "kila amtegemeaye". Biblia hiyo ilitumika sana kwenye sharika za Kilutheri mpaka ilipokuja ile ya pamoja, Union Version, mwaka 1952, iliyorudisha maneno tunayoyajua sasa hivi.

Nia ya Roehl mi siikubali. Huwezi kuchukua lugha ya watu ukaisafisha kana kwamba majirani zao ni uchafu, na Waswahili wenyewe hawakuomba hilo. Lakini pale kwenye kutegemea aligusa kitu.

Manake Luther alipokuwa anasema imani hakuwa anaongelea orodha ya mambo ya kukubali kwamba ni kweli. Yakobo 2:19 inasema mashetani nao wanaamini kwamba Mungu ni mmoja, na wanatetemeka. Kwa hiyo kuamini tu kwamba Mungu yupo na ni mmoja, kwa Luther, bado. Kwenye dibaji yake ya Warumi ya mwaka 1522 anaieleza imani kama tumaini lililo hai, lenye ujasiri juu ya neema ya Mungu, kiasi kwamba mtu angekubali kufa mara elfu kwa ajili yake. Na kwenye Katekisimu Kubwa ya 1529, akieleza amri ya kwanza, anasema chochote ambacho moyo wako umekiegemea na kukitumaini, hicho kwa kweli ndo mungu wako, iwe ni Muumba au ni pesa. Imani kwake ni mahali ambapo uzito wako wote umeegemea. Ni kama mtu anavuka mto wakati wa masika juu ya gogo: anaweza kuamini kabisa kwamba gogo ni imara, ila imani ya Luther inaanza anapokanyaga.

Sasa upande wa mjomba. Iman kwenye Uislamu ina nguzo sita ambazo mtoto wa madrasa anazitaja bila kusita: Mwenyezi Mungu, malaika wake, vitabu vyake, mitume wake, Siku ya Mwisho, na kadari. Inakaa moyoni, inatamkwa kwa ulimi, na wanachuoni wengi watakuambia inaonekana kwenye matendo na inapanda na kushuka. Kwa hiyo swala na funga sio malipo ya kununua pepo kama Walutheri wengi tunavyopenda kusema kirahisi. Hapa naomba Wakristo wenzangu tutulie kidogo, kwa sababu ndo sehemu tunayomsingizia mwenzetu kila siku. Kuna hadithi ya Mtume, ipo kwenye mkusanyo wa Bukhari na kwenye wa Muslim, ambapo Mtume anawaambia masahaba kwamba hakuna atakayeingizwa peponi na matendo yake, wakamuuliza, hata wewe? Akajibu, hata mimi, isipokuwa Mwenyezi Mungu anifunike kwa rehema yake. Mtu anayehubiri kwamba Waislamu wanajiokoa wenyewe kwa matendo hajawahi kuisoma hadithi hiyo, na anapaswa kuisoma kabla hajapanda tena madhabahuni.

Kwa hiyo tofauti haipo pale tulipodhani ipo. Sio kwamba sisi tuna neema na wao wana matendo. Pande zote mbili zinasema bila rehema ya Mungu mtu hafiki. Mgogoro wa kweli uko kwenye swali jingine: hiyo rehema inapitia wapi, na mzigo wa mtu unaweza kubebwa na mwingine au haubebeki?

Surat Al-An'am aya ya 164 inasema mbebaji hatabeba mzigo wa mwingine. Ni suala la haki, hakimu mwadilifu hamfungi Juma kwa kosa la Hamisi. Na Adam, kwa Uislamu, alikosa, akafundishwa maneno na Mola wake, akatubia, akasamehewa, ikaisha, hakuna dhambi ya asili inayorithiwa. Mungu anasamehe kwa sababu anataka kusamehe, hahitaji msalaba wa mtu, na Surat An-Nisaa aya ya 157 inasema Isa hakusulubiwa. Kwa Mlutheri ni tofauti kabisa, kila kitu kimesimama kwenye kubebeana mzigo: Yohana anamnyooshea Yesu kidole na kumwita Mwanakondoo anayeichukua dhambi ya ulimwengu. Luther kwenye kijitabu chake cha uhuru wa Mkristo cha mwaka 1520 anatumia mfano wa ndoa, kwamba bwana harusi akioa binti mwenye madeni, madeni ya bibi harusi yanakuwa yake, na mali ya bwana harusi inakuwa ya bibi harusi. Kristo anachukua dhambi, sisi tunachukua haki yake. Mwislamu akisikia hivyo anaona uadilifu wa Mungu umeguswa. Mlutheri akisikia "Mungu anasamehe tu" anauliza, nitajuaje kwamba amenisamehe mimi, leo, usiku huu wakati dhamiri inanichoma? Kwake msalaba ndo mahali ahadi ilipowekewa sahihi. Hayo ni maswali mawili mazito, na mi siamini kama kuna mtu mwaminifu anaweza kuyayeyusha yakawa kitu kimoja.

Hapo ndo watu huuliza, sasa kama ni hivyo mazungumzo ya nini? Kama unaamini ni Kristo pekee, ukikaa na sheikh si unapoteza muda au unauza imani yako?

Kabla ya kujibu, lazima kusema ukweli kuhusu Luther mwenyewe, kwa sababu Mlutheri anayetaka kuongea na dini nyingine huku ameficha historia yake hataaminika. Mwaka 1529 jeshi la Waturuki wa Osmani lilifika mpaka Vienna na Ulaya yote ilikuwa na hofu. Luther aliandika kwamba Kaisari anaweza kupigana kuwalinda watu wake, hiyo ni kazi ya mtawala, lakini akakataa katakata vita vya msalaba, kwamba Mkristo kama Mkristo hana ruhusa ya kunyanyua upanga kwa jina la Kristo. Hilo ni jema. Halafu mwaka 1542 huko Basel, Uswisi, mchapaji Johannes Oporinus akakamatwa kwa kuchapa Qurani kwa Kilatini, ile tafsiri ya zamani ya Robert wa Ketton, iliyoandaliwa na Theodor Bibliander. Luther akaliandikia barua baraza la mji akiomba kitabu kiachiwe, na mwaka 1543 kikatoka, kwa masharti kwamba kisiuzwe Basel. Wengine wanakitaja kisa hiki kama vile Luther alikuwa rafiki wa Uislamu, na sio kweli. Alitaka Qurani isomwe ili, kwa maoni yake, makosa yake yaonekane, na maneno aliyoandika juu ya Mtume Muhammad yalikuwa ya matusi. Kitu kimoja tu cha kuokota hapo ni ile kanuni kwamba ukitaka kumjibu mtu soma kwanza kitabu chake chenyewe, usisome alichosingiziwa.

Na mwaka huohuo wa 1543 akaandika kitabu dhidi ya Wayahudi ambacho kinasomeka kwa aibu, anataka masinagogi yachomwe, nyumba zao zibomolewe, vitabu vyao vya sala vichukuliwe. Karne nne baadaye Wanazi walikitumia. Walutheri walichelewa mno kulisema hili kwa sauti. Mwaka 1984 mkutano mkuu wa Shirikisho la Walutheri Duniani, LWF, ulipokaa Budapest ulipokea tamko la kuyakataa maandishi hayo, na aliyekuwa anamaliza muda wake kama rais wa LWF ni Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Kanisa la Kilutheri la Marekani, ELCA, likafuata na tamko lake kwa Wayahudi mwaka 1994. Nalitaja kwa sababu linaonyesha Mlutheri anaruhusiwa kumwambia Luther "hapa umekosea", tena kwa kutumia mafundisho ya Luther mwenyewe.

Mafundisho yapi? Kwangu mi jibu lipo kwenye Katekisimu Ndogo, ile ile ya kipaimara, amri ya nane: usimshuhudie jirani yako uongo. Kila aliyepita kipaimara anajua baada ya kila amri kuna swali la maana yake ni nini. Na maana ya amri ya nane haiishii kwenye kutosema uongo. Inasema tumtetee jirani, tumseme vizuri, na mambo yake tuyachukue kwa upande ulio mwema. Haisemi jirani Mlutheri tu. Kwa hiyo nikieleza Uislamu kwa namna ambayo Mwislamu mwenyewe akisikia anasema "hapana, hatuamini hivyo", nimevunja amri ya nane, na nimeivunja kwa jina la injili. Kujifunza dini ya jirani ni utii wa amri. Hauondoi ushuhuda wangu juu ya Kristo hata kidogo, ila unauondolea uongo.

Hapo ndo mihadhara, yale mabishano ya dini ya hadharani, inanisumbua. Waliokua miaka ya themanini na tisini wanakumbuka, uwanja umejaa, spika zinanguruma, mmoja ana Biblia anaitafuta aya ya kumwangusha Mkristo, mwingine ana Qurani anafanya hivyohivyo kumwangusha Mwislamu. Watu walijifunza aya nyingi na wakamjua jirani kidogo sana. Kwenye mhadhara unalitafuta andiko la mwenzako pale lilipo dhaifu. Kwenye mazungumzo unamuuliza pale anapoliona lina nguvu, halafu unanyamaza asikike mpaka mwisho, na kunyamaza huko ni kazi ngumu kuliko kuhutubia. Kuna watu wanaifanya kazi hiyo taratibu: PROCMURA, programu ya makanisa kuhusu uhusiano wa Wakristo na Waislamu Afrika, iliyoanza mwaka 1959 kwa jina jingine na kukusanya makanisa ya Afrika yakiwemo ya Kilutheri, inafundisha mambo mawili pamoja, kuishuhudia imani yako kwa uaminifu na kujenga uhusiano na Waislamu kwa amani. Na mwaka 2007 wanachuoni wa Kiislamu 138 walipotoa barua ile ya "Neno la Pamoja" kwa viongozi wa Kikristo, wakisema kumpenda Mungu na kumpenda jirani ndo msingi wetu wote, rais wa LWF wakati huo, Mark Hanson, alikuwa miongoni mwa walioandikiwa.

Lakini kwetu mazungumzo hayaanzii kwenye barua, yanaanzia kwenye kisu. Mwaka 2013 kule Buseresere, Geita, ugomvi wa nani achinje ulimaliza uhai wa mchungaji, na hoja niliyoisikia sana kwa Wakristo ilikuwa "kwani sisi hatuna uhuru?" Tunao. Ila Luther kwenye kijitabu kilekile cha 1520 anaweka sentensi mbili pamoja: Mkristo ni bwana huru juu ya vitu vyote, hayuko chini ya yeyote, na Mkristo ni mtumishi wa wote, yuko chini ya kila mtu. Nyama haiwezi kuniokoa wala kunipoteza, kwa hiyo niko huru kuchinja, na kwa sababu niko huru naweza kumpa mjomba kisu bila kupoteza kitu, ili asikae na njaa kwenye msiba wa mama yake mwenyewe. Anayesema kumwachia Mwislamu achinje ni kuisaliti imani ameifanya nyama kuwa kubwa kuliko Luther alivyoifanya. Lakini pia lazima iwe hiari, ikishakuwa shuruti ni jambo jingine, na wapo Wakristo walioumizwa hapo, siwezi kuwaambia kidonda chao si kitu.

Basi nilirudi kwa mjomba, ilikuwa arobaini ya bibi. Nikambebea Biblia ya bibi mwenyewe, ile ya Roehl, jalada limetoka, kurasa za Zaburi zimekuwa rangi ya chai. Nikamfungulia Yohana 3, nikamwambia imani tunayoiongelea sisi kwa kina chake ni hii hapa, soma. Akavaa miwani akasoma taratibu kwa sauti: kila amtegemeaye. Akarudia mara mbili. Halafu akasema, "Mjomba, hii sio imani. Hii ni tawakali."

Nikabaki kimya, kwa sababu alikuwa amepatia. Tawakkul, kumwachia Mwenyezi Mungu mambo yako na kumtegemea yeye. Roehl alikimbia neno la Kiarabu ili asimpeleke msomaji kwenye Uislamu, na Mwislamu wa kwanza kusoma Biblia ile mbele yangu akalikuta ndani yake neno la nyumbani kwao. Nikamuuliza, kwenu tawakali na imani vinakaaje? Akasema imani ni mti, tawakali ni tunda lake, mtu mwenye imani kamili ndo anaweza kutawakali. Nikamwambia kwa Luther tawakali ndo mti wenyewe, na matendo ndo matunda. Akafikiria. "Sasa huo mti wenu umeota wapi?" Nikasema msalabani, kwenye ahadi ya yule aliyebeba mzigo. Akatikisa kichwa polepole, "Hapo mimi sifiki. Mzigo wangu ni wangu." Nikamwambia najua mjomba, nimeisoma aya. Akafurahi sana kwamba nimeisoma.

Akaomba abaki na Biblia ya mama yake mpaka Ramadhani iishe, anataka kusoma Zaburi zile zilizochakaa, ajue mama alikuwa anarudiarudia zipi.